Mwaka Niliokalia Kiti cha Mheshimiwa Ndurya

Bi Umazi alinipigia simu asubuhi, nikiwa jikoni kwangu Msambweni ninakuna nazi, akaniambia kwamba mumewe amefariki hospitalini Mombasa na kwamba maziko yatakuwa nyumbani kwao, ndani kidogo ya Samburu ya huku Kwale, siku ya Jumamosi. Hakulia. Aliniuliza kama nina usafiri, kisha akanieleza mahali pa kukata kutoka barabara kuu, kana kwamba sijawahi kufika kwake. Mwisho akasema, "Watu wa bunge watataka kusema mengi. Wewe utasema machache." Nikamwambia nimesikia, mama. Nilizima jiko, nikaiweka nazi kando.

Jumamosi hiyo chini ya mahema tulikuwa wengi tuliowahi kuitwa waheshimiwa, na bado tuliitana hivyo, ingawa karibu wote tulikwisha kurudi kwenye biashara na mashamba yetu. Wenzangu waliokuwa vijana wamenenepa, waliokuwa watu wazima wameshika mikongojo. Kila aliyepewa kipaza sauti alimtaja Ndurya kama kiongozi wa wengi wa kwanza katika bunge letu la kaunti, akasifu msimamo wake, akaketi. Hakuna aliyegusia jinsi alivyokiacha kiti hicho, wala kwamba aliyekikalia baada yake ni mimi. Niliposimama nilitoa pole, nikamwombea, nikaketi kama nilivyoagizwa. Yaliyobaki nayaandika hapa, maana ule mwaka ndio ulionifundisha kazi, na sijawahi kuusimulia wote.

Nilikuwa sijafika miaka thelathini. Chama kiliniteua niingie bungeni kuwawakilisha vijana, na kwa kuwa wazee wa chama walitaka jina la mwanamke na la mtu wa pwani ya kusini karibu na jina la Ndurya, nikafanywa naibu wake. Kiongozi wa wengi hapigiwi kura na wananchi kwa cheo hicho. Wenzake wa chama ndio wanaomchagua, na ndio wanaomtoa. Hukaa safu ya mbele, mkono wa kulia wa Spika, na kila wiki yeye ndiye husema upande wa serikali ya kaunti unataka jambo gani liletwe mbele ya bunge. Kikaratasi cha shughuli za siku hakina maajabu kukitazama, lakini lisilokuwemo halijadiliwi, na lisilojadiliwa halijengwi. Hayo sikuyajua nilipoapishwa. Nilidhani kazi ya bunge ni kusema vizuri.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kilichotumika zamani kama stoo. Rafu zilikuwa bado zimepigiliwa ukutani, na rangi mpya haikuweza kuficha harufu ya unyevu, kwa kuwa mji wa Kwale uko juu na asubuhi ukungu huingia mpaka ndani ya makabati. Ndurya alikaa upande wa dirisha na kofia yake ya pama juu ya meza. Alikuwa afisa wa mifugo mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya chini iliyowalazimu watu wanyamaze ili wamsikie. Kwa miaka mingi alizunguka maboma ya Kinango akichanja ng'ombe, na watu walimchagua kwa sababu alijua mifugo yao na majina ya watoto wao. Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo mzee," naye akajibu, "Marahaba, mwanangu," halafu kazi ikianza akaniita Mheshimiwa Mwanasha hadi jioni, hata tukiwa wawili tu.

Mchana tulikula kwake. Alikuwa amepanga nyumba nyuma ya soko, sebule yenye viti vya mbao na meza moja ndefu, na Bi Umazi alipika kwa ajili ya yeyote ambaye mumewe angemleta. Mara nyingi ilikuwa sima na mboga ya mchunga, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Siku ya kuku, alimpeleka yule kuku kwa jirani yake Mwislamu akachinjwe, na hakunieleza kwamba anafanya hivyo kwa ajili yangu. Nililijua siku nilipomkuta njiani amemkumbatia jogoo. Pale mezani nilijifunza zaidi kuliko katika warsha zote tulizopelekwa. Ndurya alieleza nani anapinga nini na kwa nini, nani anataka ubunge wa kitaifa kule Nairobi uchaguzi ujao na kwa hiyo hatapenda kuonekana na nani. Bi Umazi alisikiliza akipakua, na mara moja moja akasema, "Huyo msimwamini," akarudi jikoni.

Mwaka huo mvua haikunyesha upande wa bara wa kaunti yetu. Jumamosi moja Ndurya aliniendesha mpaka Samburu nikaone. Kando ya barabara kuu, karibu na vibanda vya chakula cha madereva, wanawake walikuwa wamepanga madumu yao kwenye vumbi, na lori likisimama walikimbia kumwomba dereva maji ya kwenye tangi lake. Wengine walitoa. Dereva mmoja alishuka, akajaza madumu mawili, akawaambia wanaobaki wamwie radhi, bado ana safari ndefu. Ndurya alizima gari.

"Hawa madereva waendao Kampala na Kigali ndio idara yetu ya maji," alisema.

Tulikwenda ndani zaidi, tukaona ng'ombe walioshindwa kunyanyuka, na mahali alipotaka lichimbwe lambo la kukusanya maji ya mvua ili vijiji vile visirudi hapo tena. Alipima kwa macho, akanionyesha mkono wa bonde, akanieleza maji yatakavyoshuka. Nilimwambia nimeelewa. Kisha nikamwambia, "Na wewe mzee uje Jego uone." Kule kwetu, karibu na Vanga, wanawake hununua samaki kwa wavuvi asubuhi, na barafu ikichelewa kutoka mbali, kama ilivyochelewa siku nyingi, huwauzia wanunuzi wa mjini kwa bei yoyote wanayotajiwa, kwa sababu jua likipanda hakuna la kujadili. Shangazi yangu Mejumaa aliyafanya hayo maisha yake yote. Nilikuwa nimeingia bungeni na ombi moja tu, mtambo wa barafu Jego. Ndurya akajibu, "Nitakuja." Hakuja. Wiki zikapita, nikaacha kumkumbusha, na nakiri liliniuma.

Bajeti ya nyongeza ilipoletwa, ndani yake mlikuwa na soko jipya la Ukunda, ajira ya walimu wa chekechea kaunti nzima, na mtambo wetu wa barafu. Lambo lilikuwa limesukumwa hadi mwaka unaofuata. Ndurya aliisoma pale mezani pake, akaifunga, na wiki hiyo hakuiweka kwenye shughuli za bunge. Wiki iliyofuata pia. Spika alipomuuliza, alijibu kwamba upande wa serikali bado unashauriana. Walimu wa chekechea wakaanza kuja kutusubiri langoni, wasichana wa rika langu waliovaa vizuri na kushika vyeti vyao kwenye bahasha za plastiki, wakiuliza ni lini. Wafanyabiashara wa Ukunda wakaja. Shangazi Mejumaa akanipigia simu akauliza kama ile barafu ninaitengeneza mwenyewe kwa mikono.

Nilianza kuzisikia njama za wenzangu kwenye warsha moja huko Diani, katika hoteli ambayo sehemu ya chai imetenganishwa na ukumbi kwa pazia zito. Nilikuwa upande huu ninatafuta chaja ya simu, wenzangu upande ule wakimimina chai. "Huyu mzee wa ng'ombe anatumaliza," alisema mmoja. "Watu wa wadi yangu hawanywi lambo." Mwingine akasema kwa sauti ya kubembeleza kwamba mzee ni mtu mzuri, asivunjiwe heshima. "Nani anamvunjia? Tutamshukuru, tumpe kamati ya kilimo, apumzike." Halafu nikasikia jina langu. Nilitoka kwa mlango wa pili nikaenda kusimama bustanini, mhudumu akanifuata kuniuliza, "Madam, uko sawa? Nikuletee maji?" Nikamwambia niko sawa.

Alasiri ya siku ile kiranja wetu wa chama bungeni, Mheshimiwa Hamadi wa Ukunda, alikuja tukakaa kwenye baraza ya hoteli. Hamadi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na wapiga kura wake walikuwa wakiuza nyanya juu ya magunia kando ya lami.

"Dada, nitakwambia wazi," alisema. "Saini za kumtoa mzee zinatosha. Tunataka uchukue kiti."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu mtu wa Kinango akitolewa na mtu wa Ukunda, itakuwa ni ugomvi wa bara na pwani. Wewe umekula kwake mwaka mzima. Wakikuona wewe, watajua si chuki."

"Na lambo?"

"Mwaka ujao, inshallah."

Nilimwomba anipe mpaka Jumatatu. Nilimheshimu kwa kutoniahidi kitu kingine chochote.

Jumatatu mchana nilikwenda kwa Ndurya, nikamwambia yote kabla sijanawa mikono. Aliendelea kumega sima. Aliniuliza kama kura wanazo, nikasema wanazo.

"Basi kichukue," alisema.

"Mzee, iweke bajeti mezani tu, yaishe haya."

"Siwezi. Nikiiachia, lambo halirudi. Mimi nimefanya kazi serikalini, mwanangu. Wakisema mwaka ujao, wamekwisha kulizika."

"Na wale walimu wanaosimama langoni? Na kina mama wa Jego?"

"Wewe ndiye wa kina mama wa Jego," alisema. "Mimi wangu wako kule barabarani na madumu. Wakati mwingine watu wawili hawawezi kuwa sawa wote, na hakuna mwenye makosa. Ukikataa watampa mwingine ambaye hajafika Samburu hata siku moja. Wewe umefika."

Bi Umazi alikuwa amesimama mlangoni na bakuli. "Unamwambia mtoto akae kwenye kiti chako?" alimuuliza mumewe. "Kiti si changu," Ndurya akajibu. Akamgeukia yeye, akaniacha mimi, na nilijua kwamba nitakapotoka mle ndani watagombana. Nilikula nilichoweza. Yule mama hakuniaga.

Mkutano wa chama ulifanyika katika ukumbi mdogo, mlango umefungwa. Kwa kuwa kiongozi ndiye aliyekuwa akijadiliwa, naibu aliongoza kikao, na naibu ni mimi. Waliotaka kusema walisema. Zamu yangu ilipofika nilisema kwamba kiongozi wetu ana haki juu ya lambo, na kwamba hana haki ya kuwazuia wengine wote kwa ajili yake. Kwamba nitakikubali kiti ikiwa tu lambo litarudishwa katika bajeti hii hii, hata kama ni kwa kuanza kuchimba, na soko la Ukunda lipunguzwe upande mmoja. Hamadi alinitazama kama mtu aliyeuziwa kitu na kukuta kingine ndani ya mfuko. Wakabishana. Mwisho walikubali, kwa sababu walikuwa wamechoka na walimu walikuwa bado langoni. Ndurya hakujitetea. Mikono ilipoinuliwa aliwatazama wote mmoja mmoja, bila hasira, kama anayehesabu mifugo ya mtu mwingine. Kisha akanipa mkono. "Hongera, Mheshimiwa," alisema, akavaa kofia akatoka.

Watu huniuliza kama niliumia. Niliumia, lakini kama ningerudishwa siku ile ningefanya vile vile. Nimeishi kwenye siasa muda wa kutosha kuona viongozi walioshikilia kiti kwa sababu wanakipenda, na walioshikilia kwa sababu ya jambo. Ndurya alikuwa wa pili, na bado ilibidi atoke. Hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na nadhani ndiyo sababu wasemaji wa mazikoni waliyaruka.

Spika alipotangaza mabadiliko, Ndurya alikusanya miwani na faili zake akahamia safu ya nyuma, karibu na feni iliyokuwa ikilia. Kesho yake mchana nilikwenda kwake kwa mazoea. Bi Umazi alifungua mlango nusu, akaitika salamu yangu, akasema, "Leo sikupika." Harufu ya maharagwe ilikuwa ikitoka nyuma yake. Nikasema haidhuru, mama, nikarudi. Kwa wiki nyingi baada ya hapo nilikula viazi karai katika chumba cha chai cha bunge, nimeinamisha macho kwenye makabrasha ili nisilazimike kuzungumza. Bi Umazi alinirudia mwenyewe mwezi wa Ramadhani. Dereva mmoja aliniletea kutoka kwake kibuyu cha maziwa ya mgando na tende kwa futari yangu, bila maneno yoyote, nami nikakirudisha kibuyu kimejaa asali ya vilima vya Shimba. Tangu hapo alinipikia tena. Hatukulizungumza.

Lakini kabla ya Ramadhani ulikuja mjadala wenyewe wa bajeti, mara yangu ya kwanza kusimama safu ya mbele. Niliuwasilisha mpango wetu, nikaeleza lambo, soko, walimu, na mwisho nikaeleza mtambo wa barafu kwa maneno niliyoyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Wenzangu waligonga meza. Kisha kule nyuma, karibu na feni, Ndurya akasimama. Vichwa vikageuka, maana kila mtu alifikiri sasa tutaona kisasi.

"Mheshimiwa Spika," alianza kwa sauti yake ya chini, "naunga mkono walimu, naunga mkono lambo, na soko. Nina maswali juu ya barafu. Wiki iliyopita nilikuwa Jego."

Sikujua. Hakuna aliyeniambia.

"Nililala kwa mwenyeji, nikaenda forodhani, wavuvi wanaposhusha samaki, alfajiri. Kiwanja kilichochaguliwa, wakati wa bamvua, bahari ikijaa kupita kawaida, maji huingia mpaka magotini. Wenyeji wamenionyesha alama ukutani. Umeme wa pale ulikatika nilipokuwapo, na nimeambiwa ni kawaida. Kiongozi wa wengi atuambie mtambo utakaa wapi, utawaka kwa nini umeme ukikatika, na utakapoharibika nani atautengeneza. Na utakuwa chini ya nani, kina mama au wanunuzi?"

Nilisimama kujibu. Mimi mzaliwa wa pale, niliyecheza ndani ya maji yale ya bamvua nikiwa mtoto, sikuwa nimeuliza kiwanja ni kipi. Niliikuta karatasi imeandikwa Jego, nikafurahi. Nikasema kwamba maswali ni ya msingi na kwamba naomba sehemu hiyo irudishwe kwenye kamati. Watu wachache upande wa pili walicheka. Mengine yote yalipita siku ile, pamoja na lambo. Mtambo wangu peke yake ndio uliorudi nyuma.

Nilimfuata hadi chumba cha chai. Nilimsemesha kama mtu wa rika langu.

"Kwa nini hukuniambia? Ungeniita. Ungekuja ofisini."

Alisogeza kiti kwa mguu ili niketi. Sikuketi.

"Ningekuambia nyumbani, ungenijibu kwa adabu," alisema. "Ungesema, 'Asante mzee, nitaliangalia,' na wale wa idara wangekuzungusha mpaka mwaka uishe. Mle ukumbini likisemwa linaandikwa. Sasa itawabidi wakujibu wewe."

"Umenifedhehesha."

"Nimekuuliza. Mimi nimekaa kiti kile, hakuna mwenzangu aliyeniuliza kitu. Walininung'unikia nyuma ya pazia tu."

Nilikaa. Alinimiminia chai, nikainywa ikiwa moto mno. Ndipo nilipomuuliza kwa nini alikwenda Jego sasa, wakati nilimwomba zamani. Akasema kwamba alipokuwa kiongozi hakupata siku, na kwamba hilo lilikuwa kosa la kazi ile. Inakupa kila kitu isipokuwa siku.

Kamati ilichukua miezi. Kiwanja kilihamishwa juu, nyuma ya msikiti, kwenye ardhi iliyotolewa na ukoo mmoja mbele ya mashahidi. Jenereta ikaongezwa, kijana wa pale pale akapelekwa Mombasa kujifunza ufundi, na kina mama wakaandikishwa kama kikundi chenye sauti juu ya mtambo. Nimeona mitambo ya namna ile sehemu nyingine imebaki mabati na kutu. Wa Jego bado unafanya kazi ninapoandika. Lambo la Samburu nalo lilichimbwa, na mvua iliyofuata likajaa, Ndurya akanipigia simu kuniambia ng'ombe wanakunywa. Lakini bonde lile lilikuwa na mchanga mwingi, na baada ya misimu michache likaanza kujaa tope hata kina chake kikawa kama cha sahani. Hakuna aliyeuliza maswali juu ya lambo siku ile. Sisi tuliliacha lipite kwa heshima yake, na yeye, kwa mapenzi aliyokuwa nayo, hakujiuliza mwenyewe. Alinikubalia hilo miaka ya baadaye, tukiwa tumekaa kwake, na akaenda kupigania lichimbwe upya bila cheo chochote, ofisi kwa ofisi, mpaka likachimbwa.

Siku mtambo ulipowashwa Jego, mwaka wangu ule kwenye kiti ukiwa unakaribia kwisha, niliwaalika wakubwa, nikamwalika na yeye. Alikuja na Bi Umazi, akavaa ile pama, akaketi safu ya tatu. Hotuba ziliposomwa na utepe kukatwa, barafu ya kwanza ikaporomoka kwenye beseni kwa kishindo, watoto wakakimbilia kuokota vipande. Ndurya alikwenda moja kwa moja kwa yule kijana fundi, nikamwona ameinama naye nyuma ya mashine, wanaonyeshana kitu. Shangazi Mejumaa, beseni la samaki changu kichwani, alisimama karibu nami akawatazama.

"Yule mrefu ndiye aliyelala kwa Mwinyi," alisema. "Alituuliza maswali mpaka tukachoka. Ni nani?"

"Ndiye aliyekuwa kiongozi wa wengi kabla yangu."

"Ndiye huyo mliyemtoa?"

"Ndiye."

"Mlimtoa kwa nini?"

Nikaanza kumweleza. Nilimweleza habari za bajeti, za walimu waliosimama langoni, za bara na pwani, jinsi mtu anavyoweza kuwa na haki na bado akawazuia wenzake. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, kama nilivyokwisha kujifunza. Nilipofika katikati niligundua kwamba ameshatua beseni lake na amekwenda kupanga foleni ya barafu.